Mtutu Uliovimba: Utengenezwe au Uachwe?



Ndugu wasomaji, barua nyingi zinazofika katika ofisi ya kamati yetu ya msikiti ni za ndoa, malezi, madeni na mirathi. Ni mara chache kufika barua inayouliza juu ya kipande cha chuma. Wiki hii tumepokea moja ya namna hiyo, na tumeona ni vema tuijibu hapa badala ya kuijibu faraghani, kwa kuwa jibu lake linagusa mambo matatu yanayoihusu kila nyumba: mali ya marehemu, usalama wa watoto, na kumbukumbu za waliotutangulia. Wenye barua wametupa idhini kwa sharti la kutotajwa.

Familia hii ni ya mkoa wa Tanga. Baba yao amefariki na kuacha mjane, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Walipoezua paa la nyumba kongwe ili kubadili mabati, mafundi waliteremsha kutoka darini bunduki ndefu iliyofungwa ndani ya gunia. Wazee wa ukoo wanasimulia kwamba ilikuwa ya babu yake marehemu, aliyekuwa askari wa Wajerumani. Kitako kimeliwa kidogo na mchwa. Komeo linasogea kwa taabu. Mtutu, kiasi cha shibiri moja kutoka mdomoni, umevimba mfano wa nyoka aliyemeza yai, na ndani yake umejaa kutu.

Watoto watatu wana rai tatu. Kaka mkubwa ana shamba la mahindi linaloliwa na nguruwe pori, naye anataka fundi wa vyuma aukate mtutu pale ulipovimba ili bunduki ifanye kazi. Mdogo wake anataka utengenezwe na kung'arishwa, kwani amesikia kuwa wako watu wanaonunua silaha za kale kwa bei nzuri. Dada yao anasema iachwe kama ilivyo. Mama mjane amesema neno moja tu, kwamba hataki wanawe wagombane kwa ajili ya chuma cha mtu aliyekwishakufa. Swali lao ni hili: mtutu huu utengenezwe au uachwe?

Tutajibu kwa utaratibu, kwa sababu swali la fundi ni la tatu, na yapo mawili yanayotangulia.

La kwanza ni usalama na sheria. Bunduki iliyokutwa darini ihesabiwe kuwa ina risasi mpaka mjuzi athibitishe kinyume chake. Baruti ya kale haifi kwa uzee. Risasi iliyosahauliwa ndani ya mtutu kwa miaka mingi inaweza kufyatuka siku mtoto atakapochezea kifyatulio. Hivyo bunduki hiyo na ilazwe mahali pamoja, mdomo wake ukielekea upande usio na watu, ndani ya chumba kinachofungwa kwa ufunguo. Asiwepo wa kulivuta komeo kwa udadisi, wala wa kuingiza kijiti mtutuni apime kina chake. Ikiwa gunia lile lilikuwa na risasi pia, zisichokonolewe wala zisioshwe.

Kisha ipelekwe taarifa kituo cha polisi. Tanzania Bara ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kumiliki silaha ya moto kunahitaji kibali. Kibali hupewa mtu, wala hakirithiwi pamoja na silaha. Umri wa bunduki usifanywe hoja ya kukaa nayo kimya. Tunashauri wasiibebe wenyewe barabarani, seuze juu ya bodaboda, bali kaka mkubwa na mwenyekiti wa mtaa waende kituoni mikono mitupu, waeleze ilivyopatikana, kisha wafuate watakavyoelekezwa. Jeshi la Polisi limewahi kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila mashtaka, na anayejitokeza mwenyewe hutazamwa tofauti na anayekutwa nayo. Tunaongeza jambo moja dogo lenye uzito wake: picha za bunduki hiyo zisisambazwe katika makundi ya simu. Mwizi naye yumo katika makundi hayo.

La pili ni la mwenye mali. Kaka mkubwa anaandika "bunduki yangu", na mdogo wake anaandika vivyo hivyo. Hakuna kati yao mwenye haki ya kuandika hivyo. Ikiwa marehemu hakuacha warithi wengine zaidi ya hawa wanne, baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia mjane ana thumni, yaani sehemu moja katika nane, na kinachobaki hugawanywa kwa watoto, mwanamume akipata mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Tukiigawa mali katika mafungu 40, mama ana 5, kila mtoto wa kiume ana 14, na binti ana 7. Mafungu hayo yamo pia ndani ya bunduki hii, kama yalivyomo ndani ya mabati na minazi. Mwenye mafungu 14 hawezi kuupeleka mtutu kwa fundi ukakatwa pasi na ridhaa ya mwenye 5 na mwenye 7, kwa kuwa anayekata mali ya shirika hukata na sehemu ya mwenzake. Na kitu kikishakatwa, majuto hayakiungi.

Sasa tuje kwenye mtutu wenyewe.

Wametuandikia kuwa ubavuni mwa chuma, nyuma ya mtutu, yanasomeka maneno "Mod. 71". Alama hiyo inatuongoza kwenye bunduki iliyobuniwa na Paul Mauser na kaka yake Wilhelm, wa mji wa Oberndorf, na kukubaliwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1871. Ni bunduki ya risasi moja: askari hulivuta komeo, hutia risasi kwa mkono, hufunga, hufyatua, kisha huanza upya. Tundu la mtutu wake lina upana wa milimita 11. Risasi ilikuwa ya madini ya timazi, yenye uzito wa gramu 25 hivi, ikisukumwa na gramu 5 za baruti nyeusi.

Baruti nyeusi ndiyo ufunguo wa kuuelewa mtutu huu. Ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Ikiungua hutoa moshi mzito mweupe, na huacha ndani ya mtutu masizi yenye chumvi zinazovuta unyevu wa hewa. Askari aliyefundishwa vizuri aliosha mtutu wake kwa maji, akaukausha na kuupaka mafuta siku ile ile. Asiyefanya hivyo aliukuta umeshika kutu baada ya siku chache, na katika hewa ya pwani kutu huja kwa haraka zaidi. Mtutu uliofyatuliwa kisha ukafungwa katika gunia kwa miongo kadhaa hauwezi kuwa na hali nyingine isipokuwa ile iliyoelezwa baruani.

Ndani ya mtutu wa bunduki ya namna hii hamna ulaini kama wa bomba la maji. Mna michirizi minne iliyochongwa kwa kuzunguka, na kina chake hakifiki nusu ya milimita. Michirizi hiyo huishika risasi na kuizungusha ili iende moja kwa moja bila kuyumba. Kutu ikishaila, risasi haishikwi sawasawa. Hapo mtutu umepoteza kazi yake hata kama kwa nje unaonekana mzima.

Na uvimbe je? Mtutu huvimba kwa sababu moja kubwa: risasi imefyatuliwa huku njia imezibwa. Kizuizi kinaweza kuwa tope, kitambaa kilichosahauliwa wakati wa kusafisha, kiota cha nyigu, au risasi iliyotangulia ikakwama. Risasi inayokuja kwa kasi hugota hapo, gesi ya baruti iliyo nyuma yake ikakosa pa kwenda, na mgandamizo mkubwa ukaupiga mtutu mahali pamoja. Chuma kikiwa na bahati hutanuka kama pete. Kikikosa bahati hupasuka, na vipande vyake humrudia aliyeshika. Uvimbe tunaouzungumzia ni alama ya siku ambayo mtu fulani alinusurika.

Mafundi wa silaha wana njia kadhaa za kuushughulikia mtutu wa namna hii, na ni haki ya familia kuzijua kabla ya kuamua.

Njia ya kwanza ni kuugonga uvimbe urudi ndani. Hii ndiyo ambayo fundi wa mtaani atapendekeza, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Chuma kilichotanuka kupita kiasi hakirudi kilivyokuwa. Kukigonga ni kukichosha mara ya pili na kukitia nyufa zisizoonekana kwa macho. Kuuchomelea kwa moto ni kosa lilelile, maana joto la kuchomelea hubadili ugumu wa chuma pale pale panapohitaji nguvu.

Njia ya pili ni kuukata. Sehemu iliyovimba huondolewa, na mdomo mpya huchongwa. Fundi hodari anaweza kuifanya kazi hii. Lakini shabaha ya mbele ipo karibu na mdomo, nayo itaondoka na kipande hicho, pamoja na mahali pa kufungia singe. Kitakachobaki ni bunduki fupi isiyofanana na ile iliyotoka kiwandani, na nchi nyingi hulitazama kwa shaka kubwa jambo la kufupisha mtutu. Zaidi ya hayo, kukata mdomo hakuiondoi kutu iliyo nyuma. Nguruwe wa kaka mkubwa watabaki salama, na hatari itabaki kwa kaka mkubwa.

Njia ya tatu ni kuutoboa mtutu wote kwa mashine na kuuvika ndani bomba jembamba jipya lenye michirizi mipya. Wanaomiliki silaha za kale huko Ulaya na Marekani huifanya kwa bunduki wanazotaka kuzifyatua viwanjani. Ni kazi ya mafundi wachache wenye leseni na mashine za vipimo vidogo mno, na gharama yake yaweza kuipita thamani ya bunduki yenyewe. Nayo huondoa kabisa michirizi ya asili, hata ile michache iliyopona. Nje litabaki ganda la babu, ndani kitakuwa kitu kingine.

Njia ya nne ni kuusafisha kwa kiasi cha kuizuia kutu isiendelee, kisha kuuacha na uvimbe wake.

Kabla ya kuchagua, kila mrithi ajiulize anakitaka chombo hiki kwa ajili ya nini. Mwenye lengo la kufyatua ajue kuwa hakuna tengenezo litakalomfikisha huko kwa usalama. Chuma cha 1871 kilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi, aliyoibuni Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, hutoa mgandamizo wa namna nyingine, nayo ndiyo inayotumika katika risasi za leo. Kuitia baruti ya leo katika mtutu wa kale ulioliwa na kutu ni kujitengenezea bomu na kuliweka shavuni. Nasi dini yetu haituruhusu kuihatarisha nafsi kwa ajili ya gunzi la mhindi. Kwa nguruwe kuna maofisa wa wanyamapori wa wilaya, kuna uzio, na kuna kulinda shamba kwa zamu na majirani.

Historia ya Tanga yenyewe ina mfano wa karibu. Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens ilikwepa kizuizi cha Waingereza ikaingia ghuba ya Manza, kaskazini mwa mji wa Tanga, ikiwa na bunduki na shehena kubwa ya risasi. Manowari ya Waingereza iliifuata, ikaishambulia, ikazama katika maji ya kina kifupi. Wajerumani waliiopoa shehena. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, ikawabidi kuzifungua, kukausha baruti na kuzifunga upya, na hata hivyo nyingi hazikulia. Wao walikuwa vitani, wamekatiwa njia zote za bahari, na hawakuwa na pengine pa kupata risasi. Dharura iliwalazimisha kukitengeneza kilichoharibika. Familia yetu haina dharura yoyote ya namna hiyo. Ina hiari, na hiari ndiyo inayomtaka mtu atumie busara.

Mwenye lengo la kuuza naye asikilize. Kwanza, kuuza silaha pasi na kibali ni kosa kwa muuzaji na kwa mnunuzi. Pili, hata pale biashara hiyo inaporuhusiwa, wanaothamini vitu vya kale hawalipii mng'aro. Wao hutazama namba zilizogongwa katika vipande vidogo vidogo kama zinalingana, alama za wakaguzi wa kiwanda, na rangi ya chuma iliyokuja yenyewe kwa miaka. Msasa na tupa huvifuta vyote hivyo kwa asubuhi moja. Anayeing'arisha bunduki ya kale ili aiuze ni sawa na anayefua hati ya nyumba kwa sababu ina vumbi.

Limebaki lengo la kumbukumbu, nalo ndilo lenye neno zito.

Barua inasema kuwa ukoo una masimulizi mawili juu ya uvimbe ule. Wengine wanasema mtutu ulivimba katika vita vya Tanga. Wengine wanasema babu alirudi na bunduki nzima, na kwamba ni mwanawe aliyeifyatua kwa nguruwe miaka mingi baadaye, nyigu wakiwa wamejenga mdomoni. Sisi hatuwezi kuamua kati ya kauli hizi mbili kwa mbali. Lakini mjuzi wa silaha akiuona uvimbe wenyewe, umbo lake, mahali ulipo, na kutu iliyo mbele na nyuma yake, huenda akasema jambo la maana. Uvimbe ule ni shahidi wa pekee aliyebaki. Ukikatwa ukatupwa katika vyuma chakavu, ukoo utabaki na kauli mbili zinazopingana milele.

Tunayoyajua kwa yakini ni haya. Majeshi yaliyotumwa na Waingereza kutoka India yalishuka Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, yakashindwa na jeshi dogo la Wajerumani ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Sehemu kubwa ya askari hao bado walibeba bunduki za mwaka 1871, na moshi mweupe wa baruti nyeusi uliwaonyesha mahali walipo kila walipofyatua. Babu wa familia hii anaweza kuwa mmoja wao.

Lakini wajukuu wasiishie hapo. Bunduki za aina hii zilikuwapo mikononi mwa jeshi la Wajerumani pia wakati wa vita vya Maji Maji, kuanzia 1905 hadi 1907, na huko kusini zilielekezwa kwa watu wa nchi hii. Maelfu kwa maelfu walikufa, kwa risasi na kwa njaa iliyofuata mashamba yalipochomwa. Hatujui babu alikuwa wapi miaka hiyo, na hatumtuhumu marehemu kwa jambo lisilo na ushahidi. Tunachosema ni kwamba chombo hiki hakipaswi kutundikwa sebuleni kikimeremeta kana kwamba ni tuzo. Mtoto atakayekiona ana haki ya kuambiwa habari yote: nani alikibeba, alilipwa na nani, na nani alisimama mbele ya mdomo wake. Kutu na uvimbe humsaidia mzazi kuyasema hayo. Mng'aro humsaidia kuyasahau.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba mtutu usitengenezwe. Usigongwe, usichomelewe, usikatwe, wala usivikwe bomba jipya. Dada yao amesema kweli kwa neno lake la kuacha, ila tunamwongezea kuwa kuacha si kurudisha guniani. Gunia huvuta unyevu, na kutu hailali. Akiirudisha darini, baada ya miaka mingine hapatakuwa na cha kugombania.

Polisi wakishaithibitisha kuwa haina risasi, na wakiruhusu ibaki kwa muda au wakiishika wao wenyewe huku shauri likiendelea, matunzo yake ni mepesi. Kutu nyekundu inayotoka kama unga ndiyo iliyo hai, nayo ifutwe kwa kitambaa laini chenye mafuta mepesi ya cherehani, taratibu, kwa siku kadhaa. Rangi ya kahawia iliyokoza, iliyo laini na isiyotoka kidoleni, iachwe, maana hiyo ni ngozi inayokilinda chuma. Hapa tunawaomba akina mama watuwie radhi: ndimu, ukwaju na majivu, vinavyong'arisha sinia za shaba nyumbani, visikaribie bunduki hii. Asidi ya ndimu na ukwaju hula chuma na alama zake. Msasa na brashi ya waya vikae mbali vilevile. Kitako kifutwe vumbi, kikaguliwe kama mchwa wangalipo, na kisipakwe vanishi. Chombo kihifadhiwe mahali pakavu penye hewa, kisifungwe katika plastiki wala ngozi.

Mahali pazuri zaidi pa kukaa bunduki hii, kwa maoni yetu, si nyumbani. Katika mji wa Tanga lipo jumba la makumbusho la Urithi, ndani ya Boma la zamani la Wajerumani. Dar es Salaam ipo Makumbusho ya Taifa, na Songea ipo Makumbusho ya Maji Maji. Warithi wote wanne waandike barua moja kwa polisi na nakala kwa makumbusho, waambatishe picha, waombe kitu hiki kisiharibiwe bali kifikiriwe kuhifadhiwa. Chombo kikipokelewa, kisindikizwe na karatasi yenye habari zake. Hapo kila mjukuu atakwenda kukitazama bila ya mtu kuogopa kifyatulio, na hakuna atakayesema kuwa fulani amekula fungu la fulani.

Ipo kazi moja ya kutengeneza ambayo tunaiagiza kwa mkazo, nayo haihitaji fundi. Wazee wanaosimulia habari za babu wangali hai. Mmoja wa watoto na aketi nao, amwandikie kila mmoja kauli yake kwa maneno yake, pamoja na jina la aliyemsikia akisimulia, na huyo alimsikia nani. Wanafunzi wa vyuo vya dini wanaijua njia hii vizuri, kwani ndivyo elimu yetu ilivyotufikia: fulani kutoka kwa fulani. Kauli zinazopingana ziandikwe zote mbili bila kulazimisha moja imeze nyingine. Mtutu waweza kungoja mwaka mzima ndani ya chumba kikavu. Mzee wa miaka themanini hana ahadi hiyo.

Kwa kaka mkubwa tunasema: wewe ndiye mwenye sauti katika nyumba hiyo sasa, basi iwe sauti ya kuwalinda. Kwa mdogo wake: fungu lako katika mali ya baba lipo, litafute katika vilivyo halali kuuzwa. Kwa dada: rai yako ilikuwa karibu zaidi na sawa, na mafungu yako 7 yana haki ya kusikika sawa na 14. Na kwa mama mjane: umewakataza wanao wasigombane kwa ajili ya chuma, nasi tunakuomba uwaite wote watatu siku moja, barua ya kwenda polisi iandikwe mbele yako, na wewe uwe wa kwanza kutia saini.

Wabillahi tawfiq.